Taa na Bakuli: Uhakiki wa Maisha na Kazi za Msanifu wa Viwandani Wilhelm Wagenfeld

Utangulizi

Makala haya yanahakiki maisha na kazi za Wilhelm Wagenfeld (1900–1990), msanifu wa bidhaa za viwandani aliyezaliwa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, na kufariki Stuttgart. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake humsoma kupitia kazi moja ya ujana wake, yaani taa ya mezani ya mwaka 1924, na kwamba usomaji huo umeficha kazi aliyoifanya kwa miongo iliyofuata. Taa hiyo humtambulisha Wagenfeld kuwa mwanafunzi wa Bauhaus. Vyombo vyake vya kioo vya miaka ya 1930 humwonyesha kuwa kitu kingine: mtu wa kiwandani, aliyeamini kwamba chombo kizuri ni kile ambacho mtumiaji hahitaji kujua kimebuniwa na nani. Tofauti kati ya picha hizi mbili ina uzito wa kihakiki, kwa kuwa inagusa suala la nani anahesabiwa kuwa mtunzi wa kitu kinachotoka kiwandani, na kama umbo la chombo linaweza kuwekwa kando ya siasa za wakati wake.

Msomaji aliyezoea uhakiki wa riwaya na ushairi anaweza kuuliza kama bakuli la kuhifadhia siagi ni matini. Mwandishi wa makala haya anachukulia kuwa ni matini, kwa maana finyu tu: ni kitu kilichotungwa kwa makusudi, kina umbo linaloweza kuelezwa, na kina hadhira. Hata hivyo, ule mgawanyo wa fani na maudhui unaotumika sana katika uhakiki wetu hauhamishiki kwenye vyombo bila taabu. Buli la chai halina maudhui yanayoweza kusimuliwa upya kwa maneno mengine. Lina kazi, na kazi hiyo hupimwa kila siku na mkono wa mtu anayemimina chai.

Kuhusu istilahi

Neno usanifu linahitaji kuelezwa kidogo, kwa sababu limebeba zaidi ya lile linalokusudiwa kwa kawaida. Katika matumizi ya leo, msanifu ni yule anayechora majengo, lakini maana yake hukaribiana na sanaa, na kivumishi sanifu ndicho kinachotumika tunaposema Kiswahili sanifu, yaani lugha iliyokubaliwa kuwa kipimo cha wote. Kwa hiyo neno moja linabeba sanaa na kipimo kwa pamoja. Mwaka 1914, katika mkutano wa chama cha Deutscher Werkbund mjini Cologne, wasanii wa Kijerumani waligawanyika juu ya jambo hilo hilo. Hermann Muthesius alidai kwamba bidhaa za Ujerumani ziwe na maumbo sanifu yanayoweza kurudiwa. Henry van de Velde akapinga, akitetea uhuru wa msanii binafsi. Wagenfeld alikuwa kijana mdogo wakati huo, ndiyo kwanza anaanza uanagenzi katika kiwanda cha vyombo vya fedha cha Koch & Bergfeld mjini Bremen. Mgogoro ule hakuusikia ukumbini, lakini aliishi ndani yake hadi uzeeni. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia istilahi msanifu wa viwandani, na hayatumii mbunifu wa bidhaa, ambayo huegemea upande mmoja tu wa mgogoro.

Taa ya mwaka 1924

Baada ya uanagenzi na masomo ya sanaa za mikono Bremen, kisha katika chuo cha uchoraji na ufuaji cha Hanau, Wagenfeld aliingia Bauhaus mjini Weimar mwaka 1923. Alijiunga na karakana ya metali, ambayo mwaka huo huo iliwekwa chini ya László Moholy-Nagy, akisaidiwa na fundi mkuu Christian Dell. Jambo hili mara nyingi hupitwa haraka. Wagenfeld hakufika pale akiwa mwanafunzi asiyejua kushika nyundo. Alikuwa amekwisha kufunzwa kazi ya fedha, mwenye mikono iliyojua tayari metali hukubali nini na hukataa nini.

Taa yenyewe inajulikana sana. Ina kitako cha mviringo, shina lililosimama wima, na kuba la kioo cheupe kama maziwa linalotawanya mwanga bila kuumiza macho. Ipo iliyotengenezwa kwa metali tupu, na ipo yenye kitako na shina la kioo angavu, ambamo bomba la metali linalopitisha waya wa umeme huonekana wazi. Hakuna kilichofichwa. Mtazamaji huona umeme unakopita hadi unapogeuka kuwa mwanga, na pengine hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake: taa inajieleza yenyewe kwa mtu ambaye hajasoma chochote kuhusu sanaa ya kisasa.

Hata hivyo, mambo mawili yanatia doa simulizi ya kawaida kuhusu taa hii. La kwanza ni suala la mtunzi. Shina na kitako cha kioo vilikwisha kujaribiwa katika karakana hiyo hiyo na Carl Jakob Jucker, mwanafunzi kutoka Uswisi, kabla ya Wagenfeld kukamilisha taa yake. Baadaye lilizuka bishano kuhusu jina la nani liandikwe, na hadi leo baadhi ya makumbusho huandika majina yote mawili. La pili ni soko. Wagenfeld mwenyewe alisimulia baadaye kwamba taa na vyombo vya karakana vilipopelekwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1924, wafanyabiashara waliwacheka. Vitu vile vilionekana kama bidhaa rahisi za mashine, ilhali vilitengenezwa kwa mikono na bei yake ilikuwa kubwa.

Kicheko hicho kinastahili kuchukuliwa kuwa uhakiki wa kwanza wa taa ile, na uhakiki wa haki. Wafanyabiashara waliona kile ambacho wapenzi wa Bauhaus wamechelewa kukiona. Taa ilivaa sura ya kiwanda bila kupita kiwandani. Ilikuwa tamathali ya mashine, si zao la mashine. Kama Wagenfeld angefariki mwaka 1925, angebaki kuwa mtunzi wa tamathali moja nzuri. Mambo yote yenye maana aliyoyafanya baadaye yanaweza kusomwa kama jibu kwa watu wale wa Leipzig.

Jena na Weißwasser

Bauhaus ilipohamia Dessau mwaka 1925, Wagenfeld hakuhama nayo. Alibaki Weimar katika chuo kilichochukua nafasi yake chini ya Otto Bartning, na mwaka 1928 akawa mkuu wa karakana ya metali. Mwaka 1930 serikali ya jimbo la Thuringia, ambamo Wanazi walikuwa wamepata wizara, ilimweka Paul Schultze-Naumburg kuongoza chuo hicho, na walimu wa mkondo wa kisasa wakaondolewa. Wagenfeld alikuwa miongoni mwao. Kufukuzwa kazi ndiko kulikomfikisha kiwandani.

Kiwanda cha Schott mjini Jena kilikuwa kimejijengea jina kwa kioo kinachostahimili joto, kilichotumika kwanza katika maabara na katika taa za gesi. Kuanzia mwaka 1931 Wagenfeld alikifanyia kazi kama msanifu wa kujitegemea, na seti ya chai aliyoibuni mwaka huo ni moja ya kazi zake zilizokomaa kabisa. Buli lake ni la kioo chembamba kisicho na pambo lolote, lenye tumbo pana lililobonyea kidogo, na ndani yake kichujio cha kioo hicho hicho cha kutilia majani. Rangi ya chai ndiyo pambo pekee. Mnywaji huona chai ikikolea, na akiona imetosha huondoa kichujio. Hapa uwazi si tamathali kama katika shina la taa, kwa kuwa unamwambia mtumiaji jambo ambalo anahitaji kulijua wakati huo huo. Inafaa kuongeza kwamba matangazo ya vyombo vya Jena katika miaka hiyo yalibuniwa na Moholy-Nagy, mwalimu wake wa zamani. Mwalimu alitangaza na mwanafunzi akatengeneza, jambo ambalo halikutokea Weimar.

Lengo alilolitaja Wagenfeld kuhusu vyombo hivi linajulikana: viwe rahisi vya kutosha kwa mfanyakazi kuvinunua, na vizuri vya kutosha kwa tajiri kuvitaka. Ni kauli nyepesi kuitamka, na wasanifu wengi wa karne ya 20 wametamka inayofanana nayo. Swali la mhakiki ni kama kazi iliifikia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, seti ya chai ya Jena haikuifikia kikamilifu. Kioo chembamba kilipulizwa kwa mdomo na mafundi, nacho huvunjika. Nyumba yenye watoto wengi na kabati moja haikihitaji. Kauli ile ilipata mwili wake mahali pengine, katika malighafi iliyodharauliwa.

Mwaka 1935 Wagenfeld alikubali kuwa kiongozi wa sanaa wa kampuni ya Vereinigte Lausitzer Glaswerke huko Weißwasser, eneo la Lausitz mashariki mwa Ujerumani. Huko alikuta kioo cha kalibu, yaani kioo cha moto kinachoshindiliwa kwenye kalibu ya chuma hadi kikachukua umbo lake. Kilikuwa kioo cha watu wasio na uwezo. Viwanda vilikitumia kuiga kioo ghali cha kuchongwa, vikijaza kalibu nyota na mikato ya uongo ili mnunuzi ajione amepata cha kitajiri kwa bei ndogo. Wagenfeld aliuona udanganyifu huo kuwa dharau kwa mnunuzi. Alidai kalibu itengenezwe kwa uangalifu ule ule unaopewa vyombo vya gharama, kwa hoja ya kiuchumi iliyo wazi: kalibu mbaya ikishatengenezwa hurudia ubaya wake mara elfu nyingi, na kalibu nzuri kadhalika hurudia uzuri wake. Pale kiwandani alianzisha karakana yake ya ubunifu, akafanya kazi na wasaidizi, miongoni mwao Heinrich Löffelhardt ambaye baadaye alijipatia jina lake mwenyewe.

Zao kuu la kipindi hicho ni vyombo vya Kubus vya mwaka 1938. Ni mabakuli na makopo ya kioo cha kalibu, ya pembe nne, yenye vifuniko, yaliyopimwa kwa kipimo kimoja cha msingi kiasi kwamba yanapopangwa juu na kando ya mengine huunda mche mmoja uliojaa, pasipo nafasi inayopotea. Chakula kilichobaki mchana huhifadhiwa humo, huwekwa kwenye jokofu au kabati, na jioni chombo hicho hicho huletwa mezani. Kioo humruhusu mama wa nyumba kuona kilichomo bila kufunua. Pembe zimelainishwa, kwa sababu kioo cha kalibu hakipendi ncha kali na mkono wenye maji pia hauzipendi. Kila uamuzi wa umbo una sababu mbili, moja ya kiwanda na nyingine ya jikoni, na ni vigumu kusema ipi ilitangulia.

Hapa ndipo tofauti kati ya taa na bakuli inapoonekana. Taa husimama peke yake na kudai kutazamwa. Bakuli moja la Kubus likiwekwa peke yake juu ya meza ni kitu cha kawaida, hata kizito kidogo, na lina sura ya kisanduku. Maana yake hupatikana katika uhusiano wake na wenzake. Mhakiki anayetumia mbinu ya kuchagua kazi moja na kuipamba kwa sifa atashindwa kuliona, na pengine ndiyo sababu vitabu vingi huweka taa kwenye jalada. Chupa ya wino aliyoibuni mwaka huo huo kwa ajili ya kampuni ya Pelikan ilipata hatima iliyo kimya zaidi. Iliingia katika shule na ofisi, ikatumika, ikatupwa, wala hapakuwa na aliyeuliza imetungwa na nani.

Umbo lisilosema

Tarehe za kazi hizi haziwezi kuachwa zipite hivi hivi. 1935, 1937 na 1938 ni miaka ya utawala wa Hitler. Wagenfeld alifanya kazi yake bora kabisa wakati walimu na wenzake wengi walikuwa uhamishoni, na mwaka 1937 alituzwa katika maonyesho ya kimataifa ya Paris, yale yale ambayo Albert Speer alisimamisha banda refu la Ujerumani kukabili lile la Urusi ya Kisovieti. Wasifu mwingi hushughulikia jambo hili kwa sentensi mbili: hakujiunga na chama cha Nazi, na katika miaka ya mwisho ya vita alipelekwa jeshini upande wa mashariki, akatekwa na Wasovieti na kurejea mwaka 1945.

Sentensi hizo ni za kweli, na zipo nyingine zinazompa heshima zaidi. Mwaka 1933, Werkbund ilipotakiwa kujisalimisha chini ya utawala mpya, Walter Gropius, Martin Wagner na Wagenfeld walikuwa miongoni mwa wachache sana waliopiga kura ya kupinga. Gropius na Wagner waliondoka Ujerumani miaka iliyofuata. Wagenfeld alibaki. Ujasiri wa kura ile haupaswi kupunguzwa, lakini pia hauwezi kutumiwa kama cheti cha kufunika miaka kumi na miwili iliyofuata.

Mwandishi wa makala haya hakubaliani na pande zote mbili zinazojitokeza katika mjadala huu. Upande mmoja hudai kwamba bakuli lisilo na pambo lilikuwa upinzani wa kimyakimya dhidi ya ladha ya watawala. Dai hilo halisimami, kwa kuwa utawala ule haukuwa na ladha moja. Ulijenga kwa mawe mazito yenye nguzo, na wakati huo huo ulifurahia bidhaa nadhifu za kisasa zilizoipatia Ujerumani sifa na fedha za kigeni. Upande wa pili humwona kuwa mshirika kwa sababu tu aliendelea kufanya kazi. Huo nao ni uvivu wa hukumu, maana unamweka mtu aliyekataa kadi ya chama kundi moja na walioigombea.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika kinahusu umbo lenyewe. Usanifu wa Wagenfeld ulijengwa juu ya kanuni kwamba chombo kisimzungumzie mtu yeyote: si kiwanda, si mbunifu, si tabaka la mwenye nyumba. Kanuni hiyo ndiyo nguvu ya Kubus. Lakini chombo kisichomsema mtu yeyote hakiwezi pia kukataa kutumiwa na yeyote. Kingeweza kuonyeshwa Paris chini ya bendera ile, na baada ya 1945 kikaonyeshwa tena kama ushahidi wa Ujerumani nyingine, iliyo safi, bila kubadilishwa hata pembe moja. Mhakiki anayesifu ukimya wa chombo katika sura ya kwanza hana budi kuubeba ukimya huo katika sura ya pili.

Baada ya vita, na kurejea kwa taa

Miaka ya baada ya vita inaweza kupitiwa kwa ufupi, ingawa ilikuwa na mazao mengi. Mwaka 1948 Wagenfeld alichapisha kitabu chake, Wesen und Gestalt der Dinge um uns, kinachohusu asili na umbo la vitu vinavyotuzunguka. Alifundisha Berlin, kisha akahamia Stuttgart, ambako mwaka 1954 alifungua karakana yake binafsi iliyodumu hadi 1978. Kwa kampuni ya WMF alibuni vijiko na uma, vikombe vya mayai, na vichupa vya chumvi na pilipili vilivyopewa majina ya Max na Moritz, watoto watundu wa hadithi ya Wilhelm Busch. Vichupa hivyo vina kiuno chembamba kinachokaa vizuri kati ya vidole, kioo kinachoonyesha kilichobaki, na kofia ya chuma kisichoshika kutu. Ni kazi ndogo kuliko zote na huenda ndiyo iliyosambaa zaidi. Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jarida la form, ambalo lilikuwa jukwaa kuu la mjadala wa usanifu katika Ujerumani Magharibi.

Kisha taa ikarudi. Mwaka 1980 kampuni ya Tecnolumen ya Bremen ilianza kuitengeneza upya kwa idhini ya Wagenfeld mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka themanini. Toleo hilo hufuata vipimo alivyovikubali, kila taa hupewa namba yake, na bei yake huiweka mbali na mfanyakazi wa kawaida. Mtu aliyetumia maisha yake akidai kwamba jina la msanifu halina nafasi katika chombo cha kiwandani akawa jina linalouza chombo. Je, huku ni kujisaliti?

Makala haya yanaona kwamba si usaliti, ila ni kukiri jambo ambalo Leipzig ilikwisha kulisema. Taa haikuwahi kuwa bidhaa ya kiwandani. Kuiuza kwa namba na kwa bei ya kazi ya sanaa ni kuirudisha mahali pake pa kweli. Kosa liko kwa wanaoitumia kuelezea kazi yake yote, na kosa hilo lina athari za kitaaluma zinazoonekana. Juu ya taa yamekuwapo mabishano marefu, Wagenfeld au Jucker, karakana gani, mwezi gani. Juu ya Kubus hakuna bishano la namna hiyo. Jina la Wagenfeld huandikwa peke yake, ilhali chombo cha kalibu hakiwezi kuzaliwa bila mchonga kalibu aliyejua chuma kikate wapi ili kioo kiachie bila kupasuka, wala bila wafanyakazi wa tanuri waliopima kwa jicho kiasi cha kioo cha kumimina. Wagenfeld mwenyewe alisisitiza mara kwa mara kwamba bidhaa ya kiwandani ni kazi ya watu wengi. Katika katalogi za makumbusho, chini ya picha ya mabakuli ya Weißwasser, wachonga kalibu hao bado hawana mstari wao.